Kisigino cha Ridhiwani

Jumapili, 22 Machi

Mama amepanda basi la Marangu leo asubuhi kwenda kumuuguza bibi, na atakaa huko mpaka masika yaishe. Ameniachia daftari hili na agizo moja: "Wewe kusema husemi, basi andika. Nikirudi nitasoma."

Naitwa Jovitha. Niko kidato cha tatu. Tunakaa ghorofani, juu ya duka letu la jumla la ndoo na mabeseni hapa Kariakoo. Mama anayajua yote haya, lakini vitabu ninavyovipenda humtambulisha mtu kabla hajaanza kusimulia.

Mvua bado. Joto tu.

Jumatatu, 23 Machi

Baba, ambaye mtaa mzima humwita Mangi, alinipeleka hospitali kubadilisha miwani. Foleni ilikuwa ndefu, nikasoma kuta zote. Nilisoma tangazo la chanjo, ratiba ya kliniki na onyo la kutotema mate. Mwisho nikafika kwenye picha ya miguu miwili ya mtoto mchanga, imepinda kuingia ndani, na pembeni yake miguu ileile imenyooka. Chini wameandika kwamba nyayo za kupinda zinatibika bila malipo, kwa plasta ya kila wiki, mtoto akiletwa mapema.

Nikamkumbuka Ridhiwani.

Ridhiwani ni mtoto wa dada Hajira, anayeuza chai na chapati barazani kwetu. Ana miezi minne na shavu kama andazi. Mguu wake wa kulia umepinda hivyohivyo, unyayo unatazama tumbo lake. Dada Hajira huufunika kwa kanga hata kwenye joto hili. Wote tumeuona na hakuna anayeutaja.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 24 Machi

Nimeshindwa. Nilikaa kwenye benchi lake nikanywa chai vikombe vitatu. Mimi sipendi chai.

Jumatano, 25 Machi

Nimeshindwa tena. Chapati nne. Mbili amekula Baba.

Alhamisi, 26 Machi

Leo nimesema.

Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja bila kuweka mkoba chini, maana ningepanda ghorofani nisingeshuka.

"Dada Hajira, nimeona picha hospitali."

"Picha ya nani?"

"Ya miguu."

Akaacha kusukuma chapati. Mzee Rajabu naye, anayefunga mizigo ya wateja wa mikoani pale mlangoni, akaacha kukata kamba. Mzee Rajabu namwogopa. Ana sauti ya mtu anayegombana hata akiomba chumvi, na ananiita Profesa mbele ya makuli wote.

"Miguu kama ule wa Ridhi," nikasema. "Inanyooka. Wanafunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, wanabadilisha kila wiki. Mtoto wa umri wake halipishwi."

Dada Hajira alikung'uta unga mikononi. "Mguu wake umeuona lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukusema."

"Niliona haya."

Nikadhani atakasirika. Akacheka, huku macho yamelowa. "Ndiyo maana jana na juzi ulikuwa unakunywa chai yangu kama unakunywa klorokwini. Nikasema huyu mtoto wa Mangi ananionea huruma, na wala sikosi wateja."

"Profesa kaongea," akasema Mzee Rajabu. "Leo mvua inanyesha."

Saa kumi na moja jioni ikanyesha kweli. Makuli wamesema ni kazi yangu.

Jumatano, 1 Aprili

Shule imefungwa kwa mapumziko mafupi, kwa hiyo nimekwenda nao kliniki.

Muuguzi anaitwa Sista Angelina. Aliushika mguu wa Ridhi kwa vidole viwili na kuugeuza polepole, akimwimbia jina lake. Mtoto alinyonya hakulia. Kisha Sista akazungusha pamba, akazungusha bandeji ya plasta, akailainisha kwa kiganja kama anapaka siagi. Masharti yake ni matatu. Hogo lisilowe. Vidole vitazamwe kila siku. Na kila Jumatano alfajiri tulilainishe kwa maji ya uvuguvugu tulitoe, twende na mguu mtupu afunge jingine.

"Kila Jumatano," alisema. "Msiruke hata wiki moja. Mguu wa mtoto unakumbuka ulikotoka."

Kabla hajafunga niliomba kuuchora. Sijui nilipata wapi sauti. Nina karatasi nyembamba za kunakilia ramani, za somo la Jiografia. Nikaweka moja chini ya mguu nikazungusha penseli. Nikaandika tarehe.

Baba yake Ridhi, Nurdin, hakuja. Ni kibarua bandarini. Alimwambia dada Hajira "jaribuni" na hakuongeza neno. Akija jioni kuwachukua huitikia salamu kwa kidevu. Nadhani anaringa.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua kubwa. Dada Hajira aliogopa kwenda nyumbani Mchikichini na hogo jipya. Mzee Rajabu akasema, "Lete hapa."

Akamweka Ridhi kwenye mzani wa mizigo (hakumpima, alimweka tu) na kuufunga ule mguu kama anavyofunga kila kitu. Nailoni mikunjo miwili, kamba, kisha soltepu mpaka juu ya paja. Akachukua maka peni akaandika: KIOO. USITUPE.

"Mzee," Baba akasema, "huyo haendi Sumbawanga."

"Mkono umezoea, Mangi."

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kanisani niliimba sauti ya pili, polepole.

Jumatano, 8 Aprili

Tumelitoa hogo saa kumi na moja na nusu alfajiri, dukani, kwenye beseni jekundu ambalo Baba amelitoa rafuni akasema lina kasoro. Nimelikagua. Halina kasoro.

Nimechora karatasi ya pili kabla hatujaondoka.

Ngozi ya Ridhi ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyeogelea siku nzima. Sista Angelina akataka kujua kulikoni. Dada Hajira akamtolea ile nailoni. Sista alisoma maandishi, akaenda kucheka nje ya pazia, kisha akarudi amekunja uso.

"Nani kafunga hivi?"

"Fundi wa mizigo."

"Mwambieni ndoo hazipumui. Mtoto anapumua. Jasho lote limebaki ndani, vidole havionekani. Vikigeuka bluu mtajuaje? Nailoni ni ya kupita kwenye mvua tu. Mkifika mnatoa."

Nilimpelekea Mzee Rajabu ujumbe. Miaka thelathini hajarudishiwa mzigo. Hakuongea mpaka saa sita.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Mvua. Tumeuza makoti ya nailoni mengi kuliko ndoo.

Jumatano, 15 Aprili

Hogo la tatu. Shule imefunguliwa, nimechora alfajiri kisha nikakimbia kuwahi kengele. Karatasi tatu sasa. Nikizipanga, mguu wa leo si wa siku ya kwanza. Vidole gumba viwili vya Ridhi vinakaribia kutazama upande mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Jaribio la Uraia. Swali la nne: taja haki nne za mtoto. Nikaandika kuishi, kupata jina, kusoma, kupata afya bora na matibabu. Dakika mbili. Nimepata alama zote.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua imenyesha tangu asubuhi bila kupumzika. Mbele ya duka pamekuwa mto, makuli wanavusha watu mgongoni. Dada Hajira hajaja. Simu yake haipatikani.

Jumatatu, 20 Aprili

Maji yaliingia chumbani kwao jana mchana. Dada Hajira alimlaza Ridhi juu ya meza, akawa anatoa magodoro. Ridhi, ambaye wiki iliyopita hakujua kujigeuza, akajigeuza, akaporomoka. Nurdin alimdaka kabla hajazama, lakini hogo lilikaa majini, likalainika, likateleza na kumchuna kisigino. Ridhi alilia mpaka sauti ikakauka. Nurdin akachukua mkasi akalikata lote.

Dada Hajira amekuja leo kunieleza, macho yamevimba.

"Baba Ridhi amesema basi. Hafungwi tena."

"Lakini Jumatano..."

"Jovi, sikiliza. Ana mdogo wake kule Lindi. Alianguka kwenye mkorosho wakiwa wadogo, akafungwa vijiti na mtu anayejiita fundi wa mifupa. Wakaambiwa wavumilie. Kuja kufungua, mguu umeoza. Nurdin ndiye aliyekuwa analala naye kitanda kimoja. Leo yule anatembea kwa magongo."

Nilikuwa nimeandika kwamba anaringa. Sikufuta maneno yale. Nimeyaacha hapo juu ili nione aibu kila nikipita.

Nimemwandikia Nurdin barua ya kurasa tatu. Nimeichana. Mtu hawezi kuandikiwa insha kuhusu mtoto wake.

Jumanne, 21 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Nurdin alikuja saa kumi na mbili jioni pamoja na dada Hajira na Ridhi kuchukua jiko, ili dada apumzike nyumbani wiki hii mpaka chumba kikauke. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi tangu saa kumi, karatasi zangu zimebanwa ndani ya atlasi. Nilipomwona nikaifungua atlasi, nikaifunga tena.

"Nurdin," Mzee Rajabu akaita, "keti kwanza. Jiko halikimbii. Profesa ana neno na wewe."

Sikumwomba anisaidie. Sijui alijuaje.

"Shikamoo, Baba Ridhi."

"Marahaba."

"Nimeuchora mguu."

"Nimeambiwa." Alisema kwa upole, na hilo likanivuruga zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. "Mdogo wangu, nakushukuru. Umempenda mwanangu. Lakini wewe umesoma mambo haya. Mimi nililala pembeni ya ule mguu. Najua ulivyonuka."

 Zile haki nne zenye alama zote zikapita kichwani zikatoka.

"Matibabu ni haki yake," nikasema, na sauti ikapanda bila ruhusa yangu. "Ni yake Ridhi, siyo yangu wala yako. Yeye hawezi kuidai. Hana hata jino."

Mzee Rajabu akacheka puani. Nurdin hakucheka, lakini alishusha jiko chini.

Nikatoa karatasi tatu, nikazipandanisha, nikaziinua kwenye taa ya duka. Ni nyembamba, kwa hiyo mistari yote inaonekana kwa pamoja. Wa kwanza umejikunja ndani, wa pili umefunguka kidogo, wa tatu umefunguka zaidi, kama mshale wa saa unavyosogea. Nurdin alizishika ukingoni, kwa vidole vyeusi vya grisi, kama mtu anayeogopa kuzichafua.

"Umezichora wewe. Ulitaka mguu unyooke."

"Basi usiniamini. Chora mwenyewe."

Nikampa karatasi ya nne na penseli. Dada Hajira akamlaza Ridhi juu ya beseni lililogeuzwa na kuufunua mguu. Ni mara ya kwanza namwona akiufunua mbele ya watu. Nurdin alipiga magoti. Mtu anayebeba magunia ya kilo hamsini siku nzima, aliishika penseli kwa ncha za vidole. Alizunguka kisigino, akazunguka vidole, Ridhi akadhani ni mchezo akamshika sikio.

Tukaiweka ya kwake juu ya zangu. Mstari wake haukuwa mbele ya ule wa tatu. Ulikuwa nyuma, kati ya wa pili na wa tatu.

 Nje watu walikuwa wanavuka maji na kutukanana kwa furaha.

"Umerudi," Nurdin akasema. "Siku mbili tu."

"Sista alisema unakumbuka ulikotoka."

"Na hao wa hospitali, vidole wanaviacha wazi?"

"Lazima vionekane. Vikibadilika rangi au vikivimba tunakimbia kuwaona siku hiyohiyo, hatungoji Jumatano."

Alizitazama karatasi tena, akazipandanisha mwenyewe, akaziinua mwenyewe kwenye taa. Kisha akasema, "Vidole nitavitazama mimi. Si mwingine. Mimi." Na akinirudishia karatasi: "Kesho saa ngapi?"

Nikafungua mdomo, lakini sauti iliyojibu ilitoka nyuma ya kaunta, ambako Baba alikuwa anahesabu ndoo zilezile tangu saa kumi na mbili.

"Saa kumi na moja na nusu. Beseni lipo, aoge kwanza."

Jumatano, 22 Aprili

Nurdin ameenda nao. Dada Hajira anasema alimuuliza Sista Angelina maswali mpaka Sista akampa kiti. Michubuko ni ya juu juu, wameiwekea dawa. Hogo la nne limefungwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Mzee Rajabu amerudisha heshima yake. Ameshona kiatu. Ni kiroba cheupe, ameshona kwa shazia, ile sindano ya magunia, ndani nailoni, juu kamba ya kuvuta na kulegeza, mbele ameacha dirisha la vidole lenye kipaa cha kuzuia matone. Kinavaliwa kwenye mvua, kinavuliwa wakifika.

"Kinapumua," alimwambia kila aliyepita. "Jamani, kinapumua."

Hakuandika kitu juu yake. Nilimwona akijizuia.

Jumatatu, 27 Aprili

Nurdin amekuja saa saba mchana kutoka bandarini, amelowa chepechepe, ametumia muda wake wa kula. Akainama akatazama kwenye dirisha la kile kiatu.

"Vingapi?" Mzee Rajabu akauliza.

"Vitano."

Akageuka akarudi kazini.

Jumanne, 28 Aprili

Vitano.

Jumatano, 29 Aprili

Hogo la tano. Karatasi ya leo imeupita ule mstari wa tatu. Nimeibandika ukutani kando ya ramani ya mito.

Alhamisi, 30 Aprili

Vitano. Makuli nao sasa wanauliza, "Vingapi leo?" hata watu wasiomjua Ridhi. Mteja mmoja wa Morogoro alijibu "ndoo kumi na mbili" na akashangaa kwa nini tunacheka.

Jumatano, 6 Mei

Leo ilikuwa siku ya Ridhi kukatwa mshipa wa nyuma ya kisigino. Sista alikuwa ametueleza mapema. Mguu umenyooka, lakini kisigino kimevutwa juu, hakigusi chini. Wanatia ganzi, wanakata kidogo sana, wanafunga hogo la mwisho, la wiki tatu.

Nilikuwa darasani na sikusikia hata somo moja. Nilirudi mbio. Barazani hapakuwa na mtu, benchi limeinuliwa. Nikaogopa sana.

Kumbe walikuwa ndani ya duka, wote, wamezunguka rundo la majagi. Ridhi alikuwa amelala juu ya mapaja ya Nurdin akikoroma. Nurdin naye alikuwa anakoroma. Baba akaweka kidole chake mdomoni kunionya, mimi ambaye sijawahi kuambiwa ninyamaze.

"Kwenye sindano alilia," dada Hajira akaninong'oneza. "Alilia baba yake. Ridhi alilia kidogo."

Jumapili, 17 Mei

Mvua zimepungua. Kiatu cha kiroba kimening'inizwa mlangoni. Watu wawili wameuliza kama tunauza.

Jumanne, 26 Mei

Kesho ni Idi, ndiyo maana Sista aliwaambia waje leo.

Hogo la mwisho limetolewa. Ridhi amepewa viatu vyake. Ni viwili vidogo vya ngozi vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma katikati, miguu itazame nje. Atavivaa mchana na usiku miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka awe mkubwa. Vinavuliwa saa moja kwa siku, ya kuoga.

"Mkivichoka," Sista amewaambia, "mtarudi kwangu, na mimi nitawanunia."

Jumatano, 27 Mei

Nurdin amempitisha Ridhi mtaa mzima. Kanzu nyeupe, kofia, na vile viatu vimetokeza chini, chuma kinang'aa. Dada Hajira alitembea nyuma yao na kanga mbili mpya, na zote mbili amejifunga yeye.

"Watoto wote wana viatu vya Idi," Nurdin alikuwa anasema kila duka. "Vya kwangu vimekuja na bampa."

Nimekula pilau sahani mbili. Nimezungumza na watu saba. Nimewahesabu.

Alhamisi, 28 Mei

Saa ya kuoga. Nilishuka na karatasi ya mwisho ya kunakilia. Dada Hajira akasema, "Leo usizungushe penseli. Mwache akanyage mwenyewe."

Baba akatoa pedi yake ya wino wa muhuri. Baba, ambaye haazimi mtu pedi hiyo. Nurdin akambeba Ridhi kwapani, nami nikaugusisha unyayo wa kulia kwenye wino, kisha kwenye daftari hili. Upo ukurasa wa kushoto, Mama, utauona. Vidole vitano, upande wa nje umenyooka, na kule nyuma alama ya mviringo ambayo haipo kwenye karatasi yoyote ya kwangu. Kisigino. Kimegusa chini.

Tukawa tunakitazama wote, kwa hiyo hakuna aliyemtazama Ridhi. Akajinyoosha, akapiga teke, akakanyaga katikati ya mzigo wa Mzee Rajabu, kiroba cheupe kipya kilichokwisha kufungwa, kinasubiri basi la Sumbawanga.

Baba akasema kibadilishwe. Mzee Rajabu akaupitisha mkono juu ya wino bila kuugusa.

"Uende hivyohivyo," akasema. "Muhuri huu nimeupenda."

Jumamosi, 30 Mei

Mama anafika kesho. Bibi amepata nafuu. Ninaandika hapahapa dukani, kwenye benchi la dada Hajira, na kikombe cha chai ambacho nimeanza kukizoea.

Mchana mteja wa Sumbawanga alipiga simu. Mzigo umefika salama, hakuna beseni lililopasuka. Kisha Baba akasikiliza, akaifunika simu kwa kiganja.

"Anauliza ile alama ya mguu kwenye kiroba ni ya kampuni gani."

Mzee Rajabu hakuinua kichwa, alikuwa anatunga uzi kwenye shazia.

"Mwambie tuna mkaguzi mpya," akasema. "Kausimamia mwenyewe. Mpaka kisigino."